Filta ya mazuti imetoka nyeusi: je, pompi ndiyo imekufa?

Swali: Papa fundi, jambo. Nina pikap Hilux ya mazuti (dizeli), D-4D ya lita 2.5, ya mwaka 2008. Kazi yake ni kuleta samaki wa chumvi na wa kukauka kutoka Kasenga hadi soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Tangu mwezi wa sita haina nguvu ikipanda na mzigo, na asubuhi za baridi inachelewa kuwaka. Fundi wangu alifungua filta ya mazuti ambayo haijafikisha hata kilomita 6,000. Karatasi ilikuwa nyeusi, na chini ya kikombe mlikuwa na tope jekundu. Akasema pompi imekufa, na kwamba ndiyo inayochafua filta. Bei aliyonitajia inazidi faida yangu ya miezi mingi. Zamani filta ilikuwa inatoka na rangi ya chai tu. Je, anasema kweli? Mimi mama muuza samaki, Katuba.

Jibu: Mama, jambo sana, na pole kwa safari hizo za wasiwasi. Kabla ya yote nakuomba jambo moja: usitoe pesa ya pompi bado. Na ile filta iliyotolewa, kama bado ipo garajini, iombe. Iweke ndani ya saché safi (mfuko wa plastiki), uifunge. Ndiyo shahidi wako, na hapa kwetu shahidi huyo hutupwa jalalani kabla hajaulizwa neno.

Sisemi kwamba fundi wako anakudanganya. Huenda ameona gari halina nguvu, ameona filta nyeusi, akaunganisha mawili hayo. Lakini fuata njia ya mazuti yenyewe. Yanatoka kwenye tanki, yanapita kwenye filta, ndipo yanaingia kwenye pompi, kutoka pompi yanakwenda kwenye reli, yaani bomba nene linalotunza mazuti yenye presha, na kwenye enjekta zinazoyapuliza ndani ya injini. Filta iko mbele ya pompi. Uchafu wa pompi hauwezi kurudi nyuma kinyume cha mkondo ukapaka filta rangi. Njia pekee ya pompi kuchafua filta ni ya mzunguko: takataka zake zirudi tankini kupitia tiyo (bomba) ya kurudisha, kisha zinyonywe tena. Hilo hutokea, na nitakuonyesha alama yake huko mbele, lakini alama hiyo si weusi. Ni mng'aro.

Basi weusi unatoka wapi? Injini kama yako ni ya komoni reli, yaani enjekta zote zinalishwa na reli moja. Pompi inakandamiza mazuti kwa presha inayopita baa 1,000, na mengi kati ya hayo hayachomwi: yanatumika kupoza na kulainisha, kisha yanarudi tankini yakiwa ya moto. Kesho yanavutwa tena, yanapashwa tena. Mazuti yanayozungushwa hivyo huzeeka. Ndani yake hutengenezwa chembe nyeusi laini sana, aina ya lami isiyoonekana kwa macho mpaka zikusanyike kwenye karatasi. Ndiyo maana filta ya Land Cruiser ya zamani yenye pompi ya kawaida hutoka na rangi ya asali au chai, na ya komoni reli hutoka imekolea zaidi hata kama gari ni zima kabisa. Anayeendesha na robo ya tanki siku zote huona weusi mapema, kwa kuwa mazuti machache yanapita kwenye joto mara nyingi zaidi. Wewe hujaza vipi? Kama ni kidogo kidogo kila safari, hapo tayari una sehemu ya jibu.

Kwa hiyo rangi peke yake haitoshi. Lazima uishike hiyo karatasi. Chukua wembe mpya, ukate kipande cha karatasi chenye mikunjo mitano au sita, ukitandaze juu ya kitambaa cheupe mchana, kwenye mwanga. (Kwa wenye filta ya kopo la chuma la kukaza kwa mkono: msilifungue kwa msumeno. Msumeno unamwaga vumbi la chuma ndani, halafu mnaanza kuogopa chuma mlichokileta wenyewe. Tumieni mkasi wa bati.) Kama weusi umesambaa sawasawa, karatasi bado ina nguvu, mikunjo imenyooka, na ukiipitisha kidole unapata utelezi mwembamba tu kama wa wino, huo ni uzee wa mazuti. Hautishi. Badilisha filta, jaza tanki vizuri, endelea na kazi.

Kama weusi una ute, unavutika kama kamasi ya bamia, na unanuka kama maji ya mtaro au mayai yaliyooza, hapo ni habari nyingine. Hao ni vijidudu, bakteria na kuvu, na wanaishi mahali pamoja tu: kwenye mpaka kati ya maji na mazuti, chini ya tanki. Wanakula mazuti na wanahitaji maji. Tanki lisilo na maji haliwafugi. Kwetu huzaliana zaidi msimu wa mvua, kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu, hasa kwenye magari yanayolala wiki nzima bila kutembea.

Na kama mikunjo imevimba na kuyumba kama karatasi ya daftari iliyolowa, maji yalikuwemo hata kama sasa yamekauka. Karatasi ya filta ikishalowa hairudi ilivyokuwa.

Tope jekundu ndilo linalonipa hofu kuliko weusi. Kila mtu Lubumbashi anaijua rangi hiyo. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi vumbi letu linaingia hata kwenye sanduku la nguo. Linaingia pia tankini, kwa milango miwili: mpira wa kifuniko uliokauka na kupasuka, na ile tiyo nyembamba ya kupumulia ambayo mafundi wengi hawaijui hata iko wapi. Tanki linapotoa mazuti lazima livute hewa mahali pake. Ukiwa nyuma ya lori kwenye barabara ya udongo, hewa hiyo ni vumbi.

Lakini kuna nyekundu mbili, nazo hazitibiwi namna moja. Moja ni udongo, nyingine ni kutu. Usitegemee sumaku peke yake, maana udongo wetu mwekundu nao una chuma ndani yake na unaweza kukudanganya. Tumia vidole. Lisafishe tope kwa mazuti safi kwenye kisosi, lichuje kwa kitambaa, uliache likauke. Udongo ukikauka unakuwa kama unga wa tofali na unapaka kidole. Kutu ina magamba, vipande vyembamba vinavyokwaruza ukivisugua kati ya vidole, na vingine vina upande mmoja mweusi.

Kwa gari lako, mama, nasukumwa zaidi kwenye kutu, na sababu ni samaki wako. Samaki wa chumvi hutoa maji. Maji hayo hupenya sakafu ya pikap na kushuka juu ya shingo ya tanki, juu ya vibano, juu ya bomba za mazuti zilizofungwa kwenye chasi. Chumvi inatafuna chuma usiku na mchana, na shingo ya kujazia mazuti ndiyo huanza kuoza, pale juu ambapo hakuna anayetazama. Lala chini ya gari na tochi. Ukiona shingo imevimba magamba, na ukigonga kidogo kwa bisibisi yanaanguka, ujue yanaanguka na ndani pia, kila mara bomba la kituo linapoingizwa. Nimeona pikap za samaki zikiwa na tanki zima kabisa lakini shingo imeoza kama bati la choo.

Sasa ile baridi ya asubuhi. Umesema tatizo lilianza mwezi wa sita. Naomba ujikumbushe: ukiwa njiani unanunua mazuti kituoni, au kwa akina Kadafi, wale wauza mazuti ya bidoni kando ya barabara? Siwalaumu watoto wale, wanatafuta maisha, na pale kituo kilipokauka wao ndio wanaokufikisha nyumbani. Lakini lile bidoni la njano la lita 20 lilizaliwa kubeba mafuta ya kula. Likibeba mawese halafu mazuti bila kuoshwa vizuri, mawese yanaingia kwenye gari. Wakati wa joto yanayeyuka, huyaoni. Mwezi wa sita na wa saba, usiku wetu unaposhuka chini ya digrii 10, kila mama anajua mawese yanavyoganda ndani ya chupa jikoni. Yanaganda vilevile kwenye karatasi ya filta. Gari linakataa kuwaka saa kumi na mbili asubuhi, linawaka saa tatu jua likishapanda, na fundi anabadilisha betri.

Dalili yake kwenye karatasi ni kama nta, ya rangi ya machungwa au kahawia, imeshika kwenye mikunjo. Weka kipande juani kwa saa moja. Ikilainika na kuangaza kama mafuta, ni mawese au mafuta mengine ya kula. Weusi wa uzee haubadiliki juani.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jambo hili ni la mji wetu na sijaona likizungumzwa vya kutosha. Mama, chungulia kama kuna kipande chochote cha bomba la shaba kwenye njia ya mazuti ya gari lako. Tunaishi juu ya shaba. Katanga yetu yenyewe ilibeba jina la Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Kila fundi ana kipande cha bomba la shaba mahali fulani, kinapindika kwa mkono, hakishiki kutu, kinapendeza. Tiyo ya kurudisha ikipasuka, anaweka shaba. Na kwa maji au hewa ni kazi nzuri. Kwa mazuti ni sumu ya polepole. Shaba ikigusana na mazuti, hasa ya moto, inaharakisha ule uzee niliousema: inayafanya yatengeneze gundi na chembe nyeusi mapema mno. Haitokei siku moja, na bomba lenyewe kwa nje linaonekana jipya. Kinachooza ni mazuti yanayopita ndani.

Zinki ina tabia hiyohiyo. Wenye safari ndefu za Likasi na Kolwezi huchomewa tanki la ziada la mabati. Zinki ya mabati inaungana na asidi ndogo zilizomo kwenye mazuti, inatoa kitu kama sabuni laini inayoziba filta na kushika kwenye ncha za enjekta. Nilipokuwa kijana garajini, mteja wetu mmoja, mchuuzi wa makala (mkaa), alibadilishiwa filta nne ndani ya miezi miwili. Tulimbadilishia na pompi. Filta ya tano ikatoka nyeusi kama zile za kwanza. Mzee aliyekuwa akitufundisha aliingia chini ya gari, akakaa muda mrefu, akatoka akiwa ameshika kipande cha shaba chenye urefu wa mkono, na akatuelekeza kwa kidole tanki la mabati nyuma ya kabini. Hakutukaripia. Aliuliza tu yule mchuuzi pompi ilimgharimu magunia mangapi ya makala. Jibu nalikumbuka mpaka leo, na ndilo linalonifanya nikuandikie kwa urefu hivi.

Basi, vipimo. Unaweza kumsimamia fundi yeyote akuvifanyie bila mashine ya gharama. Msivute sigara karibu, na msifanye kwenye jiko la makala.

Cha kwanza ni maji, na kifanyike alfajiri, gari likiwa limelala usiku kucha mahali tambarare, kabla ya kuliwasha. Lita moja ya mazuti ina uzito wa gramu 840 hivi, na ya maji gramu 1,000, kwa hiyo usiku maji yanashuka chini. Fungua kizibo cha chini ya filta, kinga kwenye chupa safi isiyo na rangi, robo lita inatosha. Fanya vilevile kwenye kizibo cha chini ya tanki, kwa chupa ya pili. Chupa ya tatu, tia mazuti mapya ya kituo unachokiamini. Ziache zote tatu dirishani mpaka kesho yake. Maji utayaona yamejitenga chini kwa mstari ulionyooka. Mazuti yenye ukungu kama maji ya kuoshea mchele yana maji yaliyochanganyika. Meusi yasiyo na mstari ni uzee au shaba. Na utando wa kahawia unaoelea katikati, mpakani, ni makao ya vijidudu. Chupa hizo tatu zina maneno mengi kuliko karatasi ya filta, kwa kuwa karatasi inakusanya historia ya miezi yote, na chupa inakuambia hali ya leo.

Cha pili ni hewa. Kuchelewa kuwaka asubuhi si lazima iwe filta. Kama kuna kibano kilicholegea au bomba lililotobolewa na kutu, mazuti hurudi tankini usiku na hewa inakaa mahali pake. Fundi aunganishe kipande cha tiyo ya plastiki inayoonyesha ndani, kati ya filta na pompi, awashe gari. Mapovu yakipita mfululizo, hewa inaingia mahali fulani nyuma. Dalili ya pembeni: ile pompi ya mkono juu ya filta inakuwa laini asubuhi, na baada ya kuibonyeza mara ishirini gari linawaka bila shida.

Cha tatu nakipenda kuliko vyote, kwa sababu kinamaliza ubishi. Ni jaribio la bidoni. Weka filta mpya. Chukua bidoni jipya kabisa lenye mazuti safi, lifunge imara nyuma ya pikap. Fundi achomoe tiyo inayotoka tankini, aunganishe nyingine inayovuta kutoka bidoni, ikapite kwenye filta kama kawaida. Ile ya kurudisha nayo iingie kwenye bidoni hilohilo. Mazuti yanayorudi ni ya moto, kwa hiyo msiendeshe saa nzima. Pakieni mzigo, mtafute kilima, mpande. Nguvu ikirudi, pompi yako haina kosa: ubaya uko tankini, kwenye wavu wa kunyonyea (chujio la ndani ya tanki) au kwenye bomba. Nguvu isiporudi, ndipo tuanze kutazama vinavyofuata baada ya filta.

Huo wavu wa kunyonyea una tabia yake, ujiulize kama umewahi kuiona. Gari linapanda kutoka bonde la Luapula, linachoka, linazimika au linabaki kutambaa. Unasimama dakika kumi, dereva anafungua boneti, hafanyi kitu. Mnawasha, linakwenda vizuri kilomita chache, halafu linachoka tena. Kilichotokea ni kwamba takataka iliyonyonywa na kuziba wavu iliachia na kuzama gari lilipozimwa. Kipande cha saché tu kinatosha kufanya hivyo.

Kuna kitu mafundi wa injini za zamani wamezoea, na kwenye D-4D nakataza kabisa: kulegeza nati za bomba za enjekta injini ikiwa inanguruma ili kusikiliza ipi haifanyi kazi. Kwenye komoni reli mchirizi huo unapenya ngozi kama sindano na kuingiza mazuti ndani ya mwili. Tundu linaonekana dogo kama la mbu, na mtu anaweza kukatwa mkono kwa ajili yake. Ikitokea, mtu apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama hasikii maumivu.

Tuseme jaribio la bidoni limeshindwa. Bado si pompi moja kwa moja. Mgongoni mwa pompi ya gari lako kuna vali ndogo ya umeme inayopima mazuti yanayoingia. Vumbi laini na gundi huifanya ikwame, gari likapoteza nguvu, na likiwa limesimama injini ikawa inapanda na kushuka yenyewe kama mtu anayehema. Vali hiyo inauzwa peke yake, kwa bei iliyo mbali sana na ya pompi nzima. Mwombe mwenye skana, kile kifaa cha kusoma makosa ya gari, asome presha ya reli gari likiwa kwenye mzigo. Msimbo P0087 maana yake presha ya reli iko chini mno, na hautaji chanzo. Nimewaona watu wakiusoma kama hukumu ya pompi. Filta iliyoziba inatoa msimbo huohuo. Kisha apime mazuti yanayorudi kutoka kila enjekta: enjekta moja inayovuja ndani inaweza kumaliza presha yote na pompi ikasingiziwa.

Na pompi ikiwa imekufa kweli? Ndipo ule mng'aro. Chukua yale mazuti ya chini ya kikombe, yatikise kwenye chupa juani. Ukiona vumbi linalometameta kama rangi ya fedha, chuma kinasagika. Kwa kuwa filta iko mbele ya pompi, vumbi hilo limeshazunguka hadi tankini na kurudi, maana yake lipo kila mahali. Kubadilisha pompi bila kuosha tanki, bomba, reli na kukagua enjekta ni kuizika mpya ndani ya kaburi la ile ya zamani. Sababu kubwa ya kifo hicho ni maji, au mazuti yaliyochanganywa na esansi (petroli) au mafuta ya taa, kwa sababu pompi hii hailainishwi na oili ya injini. Inalainishwa na mazuti yenyewe, na hayo mengine ni makavu. Kuna wanaoshauri kutia esansi kidogo tankini ili kusafisha enjekta. Usikubali.

Kwa yale uliyoniandikia, mama, makisio yangu ni haya: kutu ya shingo au ya bomba iliyosababishwa na maji ya chumvi, mawese kidogo wakati wa baridi, na wavu au filta iliyozibwa na vyote viwili. Pompi naiweka mwisho kabisa. Kama ni hivyo, tanki lishushwe, lioshwe kwa mazuti safi mara mbili au tatu, likaushwe, na shingo ibadilishwe, isichomelewe viraka. Ukikuta ute wa vijidudu, kuna dawa maalumu ya kuwaua inayotiwa kwenye mazuti, lakini ifuate kuosha na kuondoa maji, isiitangulie. Usitie dawa ya kufulia nguo nyeupe, kama wengine wanavyofanya. Klorini yake itatafuna tanki na pompi pamoja na hao vijidudu. Bomba la shaba, kama lipo, litolewe. Weka la chuma au tiyo ya mpira iliyotengenezwa kwa mazuti. Baada ya kuosha, filta ya kwanza ibadilishwe mapema, kilomita 1,000 hivi, kwa sababu mabaki yaliyofichika hutoka polepole.

Filta yenyewe, nunua kwa macho. Nafasi kati ya chuma na chuma ndani ya enjekta ni mikroni 2 au 3, wakati unywele wa mtu una 50 hadi 100. Karatasi ya filta nzuri inashika chembe za mikroni chache. Ile ya bandia inapitisha, nayo hubaki safi kwa muda mrefu, jambo linalofurahisha wasiojua. Ikunjue mikunjo dukani: iwe mingi, ya kina kimoja, isiyolala, gundi imeshika mwanzo hadi mwisho bila pengo, mpira wa kuziba ni laini. Na filta iliyotumika isipulizwe kwa kompresa na kurudishwa. Upepo ule unapanua matundu ya karatasi na kusukuma uchafu upande wa pompi. Wakati wa kuweka mpya, isijazwe mazuti kutoka kwenye chupa iliyo wazi. Ijazwe kwa pompi ya mkono ya gari, ili kila tone lipite kwenye karatasi.

Kwa njia ya Kasenga mimi nabadilisha kila kilomita 10,000, hata kama kitabu cha gari kinaruhusu zaidi, na maji natoa kila wiki mbili wakati wa mvua. Chini ya samaki tandika turubai lenye kingo zilizokunjwa juu, maji ya chumvi yamwagike kwa nyuma, yasishuke ubavuni. Jioni mwage ndoo mbili za maji safi juu ya shingo ya tanki na chasi. Tanki lilale limejaa kadiri mfuko unavyoruhusu, maana nafasi tupu ni hewa, na hewa ya mchana ikipoa usiku inaacha matone. Ukilazimika kununua bidoni, nusa kwanza, lichungulie, liache litulie robo saa, na kile kikombe cha mwisho cha chini usikimimine.

Fanya jaribio la bidoni wiki hii kabla ya mzigo ujao, kisha niandikie mambo matatu: kilima kilipandika au la, ulichokiona kwenye zile chupa tatu, na tiyo ya kurudisha imetengenezwa kwa nini. Na fundi wako mwonyeshe barua hii bila hasira. Akikubali kulala chini ya gari na tochi pamoja nawe, baki naye.